Hiki ni kipande cha seti gani? Kutambua redio ya jeshi ya mtumba

Sanduku la chuma la kijani, zito kama jiwe la kusagia, lina soketi za duara usoni na swichi ya kuzungusha. Muuzaji anasema ni redio ya kifaru. Kibati kilichopigwa ribiti usoni kinasema AM-1780/VRC. Hapo mjadala umekwisha: hiyo ni amplifaya ya mazungumzo ya ndani ya gari, ile inayowawezesha dereva, mpiga mzinga na kamanda kusikizana humo humo ndani ya chuma. Haina masafa, na haitapokea kitu kutoka hewani hata ukiifungia antena ya mita kumi.

Biashara hii yote iko hivyo. Redio ya jeshi haijengwi kama redio ya mezani yenye kila kitu ndani ya kasha moja. Kuna kipande kinachopokea na kurusha, kipande cha umeme, kipande cha kuoanisha antena, kisanduku cha kuongozea, kitako cha kufungia kwenye gari, na nyaya zenye vichwa vya aina yake. Jeshi hununua seti nzima, lakini likiuza chakavu huuza kwa kilo, na seti ikishafika mnadani kila kipande hushika njia yake. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza kwanza hiki ni kipande cha seti gani, na bei ijadiliwe baadaye.

Kabla ya yote, usisafishe. Tina na petroli hufuta mihuri ya wino, na mihuri hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kifaa. Piga picha pande zote sita, ndani ya kifuniko cha betri pia, kisha zima taa ya juu na umulike tochi kwa ubavu, karibu kugusana na bati. Maandishi yaliyofunikwa na matabaka matatu ya rangi hujitokeza kwa kivuli. Muhuri wa MFP wenye tarehe, unaoonekana sana kwenye vifaa vya Marekani, maana yake kifaa kilipakwa vanishi ya kuzuia unyevu na ukungu ili kihimili nchi za joto. Si jina la kifaa, ingawa wauzaji huliandika hivyo kwenye matangazo.

Vifaa vya Marekani ndivyo rahisi kuliko vyote kwa sababu jina lenyewe linasema kazi. Tangu 1943 wanatumia mfumo mmoja: AN, mkwaju, herufi tatu, namba. Herufi ya kwanza ni mahali kifaa kinapokaa: P hubebwa na mtu, V hukaa kwenye gari, A kwenye ndege, S majini, G ardhini kwa jumla, U ni cha matumizi mchanganyiko. Ya pili ni aina: R redio, P rada, T simu ya waya. Ya tatu ni kazi: C mawasiliano ya kwenda na kurudi, R kupokea tu, N kuongozea safari, D kutafuta mwelekeo, M kupima na kutengeneza. Basi AN/PRC-77 ni redio ya mawasiliano inayobebwa mgongoni. AN/URM-25, ambayo huuzwa kila mara kama "redio ya zamani ya kijeshi", ni jenereta ya mawimbi ya kupimia; ile M ya mwisho imeshakwambia.

Hilo ni jina la seti nzima, na juu ya kipande hutalikuta peke yake. Kipande kina herufi zake: RT ni kipokezi na kirushio kwa pamoja, R kipokezi, T kirushio, AM amplifaya, PP kipande cha umeme, C kisanduku cha kuongozea, MT kitako, H kipaza sauti cha mkononi au cha kichwani, AT na AS antena, CY kasha tupu. Baada ya mkwaju ndipo linafuata jina la seti kipande kilikobuniwa. Kibati kikisema RT-841/PRC-77, umeshika moyo wa PRC-77. Lakini moyo huohuo ukipachikwa kwenye AM-2060, kipande kinachoulisha kwa volti 24 za gari, unaitwa AN/VRC-64, na ukiongezewa vifaa vya kuushusha na kuubeba mgongoni unaitwa AN/GRC-160. Majina matatu, redio moja. Watu wamegombana bure juu ya hili.

Kabla ya 1943 jeshi la nchi kavu la Marekani liliandika SCR kwa seti na BC kwa sanduku. SCR-300, redio ya mgongoni ya Vita vya Pili, ndani yake kuna BC-1000. SCR-536, ile ndogo ya mkononi, ni BC-611. Ukiona BC-221 usifurahi mapema: ni kipima masafa. Kila kimoja kilitoka kiwandani na kitabu chake cha hesabu chenye namba ileile ya kifaa, na bila kitabu hicho hakipimi kitu cha maana. Fungua mlango wa mbele utazame kama kitabu kipo na kama namba zinalingana. Tofauti ya bei iko hapo. TU-5-B hadi TU-10-B nazo ni droo za masafa za kirushio cha ndege, BC-375. Zina kapasita nzuri za kuzungusha, basi.

Jeshi la majini lilikuwa na mtindo wake: herufi C, herufi za kiwanda, kisha namba inayoanza na aina. CRV-46151 ni kipokezi kilichotengenezwa na kampuni ya RCA. 46 ndiyo kipokezi, 52 ni kirushio, 20 ni umeme.

Mwaka hautafutwi kwenye namba ya kifaa bali kwenye namba ya mkataba. DAAB05 ni ofisi ya manunuzi ya Philadelphia, DAAB07 ni Fort Monmouth, na tarakimu mbili zinazofuata ndizo mwaka wa fedha: DAAB05-68-C na kuendelea ni mkataba wa 1968. Vibati vya zamani zaidi huishia na mwaka, mfano PHILA-51.

Kibati kikiwa kimeng'olewa jina lakini namba ya ghala ya NATO imebaki, bado una bahati. Ina tarakimu 13, zimegawanywa 4-2-3-4. Nne za kwanza ni kundi: 5820 redio za mawasiliano zisizo za ndege, 5821 redio za ndege, 5805 simu za waya, 5965 vipaza sauti na spika, 5985 antena, 6130 vibadili umeme, 6625 vipimo. Mbili zinazofuata ni nchi iliyosajili: 00 na 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 17 Uholanzi, 21 Kanada, 99 Uingereza. Mfano, 5820-00-930-3724 ni AN/PRC-77 kamili. Ukikuta tarakimu 11 tu, hakuna iliyofutika: ni namba ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970, ilipokuwa haijaongezwa nchi. Tia 00 baada ya nne za mwanzo kisha itafute mtandaoni.

Namba hiyohiyo hukupeleka kwenye kitabu cha mafunzo. TM 11-5820-667-12 ni kitabu cha PRC-77: 11 ni kikosi cha mawasiliano, 5820 ni kundi lilelile, 667 ni seti, na 12 ni ngazi ya matengenezo, ya kwanza na ya pili. Cha -12 kitakuonyesha nobu na usafi. Michoro ya saketi imo kwenye vitabu vya ngazi za juu, -34 au -35. Wengi hupakua cha -12, wakakosa mchoro, wakadhani haupo.

Waingereza huweka mshale mpana wenye matawi matatu. Vifaa vyao vya miaka ya 1970 mwishoni na kuendelea, ukoo wa Clansman, huanza na UK: UK/PRC-320 ni ya mawimbi mafupi, 2 hadi 30 MHz, UK/PRC-349 ni ndogo ya kifuani, 37 hadi 46.975 MHz, PRC-351 ni ya mgongoni, 30 hadi 76 MHz, VRC-353 ni ya gari, wati 50. Betri za PRC-320 na PRC-351 ni volti 24, kwa hiyo ukiifungia betri ya pikipiki ukaona kimya, usiihukumu. Racal, kampuni ya Uingereza, kwa upande wake iliuza redio zake mwenyewe nchi nyingi kwa majina ya biashara yanayoanza na TRA, kama TRA-931. Hizo mara nyingi hazina namba ya ghala kabisa, na kukosa namba si dalili ya bandia.

Maandishi ya Kirusi yanapotosha. Nobu zenye Kiingereza juu na Kirusi chini, kwenye sanduku refu la vifaruni, ni Wireless Set No. 19: usanifu wa Uingereza, nyingi zikatengenezwa Kanada, zikaandikwa lugha mbili kwa sababu zilipelekwa Umoja wa Kisovieti wakati wa Vita vya Pili. Redio ya Kisovieti yenyewe huanza na herufi Р, ambayo ni R yetu, kisha namba: Р-105, Р-107, Р-123. Hapo namba ni kila kitu. R-105M, R-108M na R-109M ukizipanga mezani ni mapacha, ila ya kwanza ni 36 hadi 46.1 MHz, ya pili 28 hadi 36.5, ya tatu 21.5 hadi 28.5. Hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe isipokuwa pale masafa yanapopandana kidogo, kama R-105M na R-108M. Hula volti 4.8 kutoka betri mbili za 2.4, na aliyeiwekea 12 ameshaua valvu zote, zile taa za kioo za redio za kale, kwa sekunde moja. R-123 ya kifaru haifanyi kitu bila kipande chake cha umeme, BP-26. Ukiuziwa R-123 peke yake, umeuziwa nusu.

Huku kwetu kuna mkanganyiko wa aina nyingine. Masanduku mengi yanayoitwa redio za jeshi ni simu za upepo za magari ya mashirika ya misaada na ya Umoja wa Mataifa, hasa Codan ya Australia. Ni redio za mawimbi mafupi za kiraia, hutumia volti 12, na kwa matumizi ya kawaida zinafaa kuliko redio ya kifaru. Simu za waya za vitani nazo huuzwa kama redio: TA-312/PT ina mkono wa kuzungusha ubavuni na hula betri mbili kubwa za tochi. Usizungushe mkono huo mwenzako akiwa ameshika vituo vya waya. Umeme wa kengele ni wa kumrusha mtu kitini.

Sasa sanduku lisilo na kibati wala namba, kazi yenyewe hasa. Fungua bila kuwasha. Kama kuna kapasita kubwa, zishushe umeme kwa rezista ya kilo-omu chache yenye waya uliofunikwa vizuri. Bisibisi itatoboa kapasita na kukurushia cheche usoni. Kisha tazama.

Ukiona mota ndefu yenye brashi za kaboni pande zote mbili, hiyo ni dainamota: inaingiza volti 12 au 24, inatoa mia kadhaa. Koili nene yenye gurudumu linalotembea juu ya waya wake ni kioanisha antena. Transfoma na transista nono juu ya mapezi ya kupozea, bila koili ndogo za masafa, ni umeme au amplifaya ya sauti. Safu ya vikopo vidogo vya fuwele, kila kimoja kikiwa na masafa yake juu, ni redio kweli, na masafa hayo yatakuambia ukoo: 2 hadi 30 MHz ni ya kuzungumza mbali, 20 hadi 76 ni ya askari wa miguu na magari, 225 hadi 400 ni ya kuzungumza na ndege. Ila jihadhari, fuwele nyingi huzidishwa mara mbili au tatu ndani ya saketi, au huchanganywa na masafa mengine, kwa hiyo fuwele ya 11 MHz haina maana kuwa redio ni ya 11 MHz.

Vipuri vinataja umri na kabila. Saketi ndogo iliyoandikwa 7832 imetoka wiki ya 32 ya 1978. Chukua tarehe iliyo changa kuliko zote ndani ya sanduku, na kifaa hakiwezi kuwa kikongwe kuliko hapo, isipokuwa kipuri kimebadilishwa. Transista za 2N zenye JAN mbele ni Marekani. Valvu za CV ni Uingereza. КТ na ГТ ni Sovieti, na tarehe zao mara nyingi huandika mwezi kwa namba za Kirumi.

Volti ya kulisha unaweza kuikisia. Tafuta soketi yenye pini nene na fuata waya hadi kapasita ya kwanza: ikiandikwa 25V huenda kifaa ni cha volti 12, ikiwa 50V huenda ni cha 24 au 28. Taa ndogo ya usoni nayo husema: balbu namba 327 ni ya volti 28, namba 47 ni ya 6.3. Kuna kanuni moja ya vichwa vya nyaya inayosaidia sana. Upande unaotoa umeme hupewa matundu, unaopokea hupewa pini zilizo wazi, ili mtu asiguse umeme kwa bahati mbaya. Pini nene zilizo wazi kwenye sanduku, basi, ni mlango wa kuingilia.

Kuna vitu vya kuachwa hapo hapo vilipo. Lebo ya TSEC, CCI au CRYPTO ni ya mashine za siri za mazungumzo. Hata nchini Marekani kuimiliki kunaleta maafisa mlangoni. Kifaa chenye alama za JWTZ, KDF au UPDF usikinunue kwa bei yoyote, kuwa na mali ya jeshi la nchi yako ni kesi. Redio ndogo ya rubani kama AN/PRC-90 hurusha 243 MHz, masafa ya dhiki ya ndege. Satelaiti ziliacha kuyasikiliza Februari 2009, lakini ndege na vituo vya anga bado vinayasikiliza, kwa hiyo usibonyeze "kuona kama inafanya kazi". Na redio yoyote utakayotaka kurusha nayo inahitaji leseni, kwa Tanzania ni TCRA, kwa Kenya ni Communications Authority.

Rangi ya manjano au kahawia kwenye mishale na tarakimu za vifaa vya Vita vya Pili ni ya radiamu. Kutong'aa gizani hakuifanyi salama. Kilichokufa ni unga wa kung'aa, radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Usikwangue, usifungue kioo. Kauri nyeupe chini ya transista za kurushia huenda ni beriliamu oksaidi: nzima haina neno, ikisagwa au kuvunjwa vumbi lake linaharibu mapafu.

Tuseme umepata RT-841 yenyewe. Inataka volti 12 hadi 15, siyo 24. Umeme wa mezani wenye kikomo cha ampea, weka 13, kikomo robo ampea. Ikipokea hula chini ya sehemu ya kumi ya ampea; ikivuta zaidi kabla hujabonyeza kitu, zima utafute kapasita iliyovuja. Ndugu yake mkubwa, RT-505 ya PRC-25, anafanana naye mno usoni, ila ana valvu moja kwenye kirushio inayotaka pia volti 3 za kuipasha moto. Kwa hiyo PRC-25 inayopokea vizuri na kukataa kurusha huenda haina ubovu, imenyimwa tu hizo 3.

Kipaza sauti cha mkononi cha pini tano: A ni ardhi, B sikio, C kitufe cha kurushia, D maiki. Kwa kujaribu kurusha, tia rezista mbili za omu 100, wati 2, kwa sambamba: unapata omu 50 na wati 4, zinatosha kwa redio ya wati moja au mbili. Tumia za kaboni, zile za waya uliosokotwa ni koili tu mbele ya masafa haya. Usirushe bila mzigo.

Lalamiko linalosikika kuliko yote ni kwamba redio inawaka na iko kimya kabisa. Tazama swichi. Ikiwa kwenye SQUELCH, PRC-77 hufungua spika pale tu inaposikia toni ya 150 Hz iliyofichwa ndani ya sauti, na jenereta yako ya mawimbi ya kupimia huenda haina toni hiyo. Zungusha hadi ON: mvumo wa "shhh" ukitoka, kipokezi kizima. Walki-toki ya kawaida ya Kichina haitaisikia wala kusikika, kwa kuwa nyingi huanza 136 MHz na PRC-77 huishia 75.95. Na ukipata redio ya kisasa inayofika masafa hayo, iweke kwenye upana mkubwa. Kwenye upana mdogo sauti ya PRC-77 hukatikakatika kama mtu anayezungumza na uji mdomoni, na fundi asiyejua hushinda siku nzima akibadilisha maiki isiyo na kosa.